Neno la siri liwe refu na la kukumbukika, si fumbo la kumtesa mwenyewe

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ndivyo walivyonena wahenga, na maana yao ilikuwa kwamba mambo ya ndani huyajua yule aingiaye na kutoka humo kila siku. Katika zama hizi ambapo fedha zetu, barua zetu, vyeti vyetu na hata habari za maradhi yetu huhifadhiwa nyuma ya maneno ya siri, methali hiyo inastahili kutafakariwa upya. Kata zimekuwa nyingi mno, ilhali mtungi ni ule ule mmoja.

Ni nadra kumpata Mkenya mtu mzima asiyekuwa na siri mbili au tatu za namna hii. Ana nambari ya siri ya M-Pesa, ile ambayo mitaani huitwa pini. Huenda ana nyingine ya kadi ya benki. Ana neno la siri, au nywila kama linavyoitwa pia, la barua pepe. Ana jingine la eCitizen anakotafutia huduma za serikali, na jingine la iTax anakopelekea taarifa za kodi kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA. Mwalimu ana lake la Tume ya Huduma za Walimu, na mwanafunzi wa chuo kikuu ana lake la bodi ya mikopo. Kila moja ni ufunguo, na nyuma ya kila mlango kuna riziki ya mtu.

Iweje basi siri hizi tuzitunge ovyo na kuzitunza ovyo zaidi? Wengi hulijibu swali hili kwa kumlaumu mwananchi. Husema kwamba ni mzembe, hajasoma, hajali. Mimi siafiki. Naona kwamba mwananchi amefunzwa vibaya. Kwa muda mrefu aliambiwa kwamba neno zuri la siri ni lile lisilosomeka, lenye alama na tarakimu zilizovurugwa, ambalo hata mwenyewe hawezi kulishika kichwani. Matokeo yake ni kwamba aliliandika kwenye karatasi, au akamkabidhi mtu mwingine, au akarudi kwenye lile jepesi ambalo kila mwizi hulijaribu kwanza. Hoja yangu leo ni kwamba usalama na wepesi wa kukumbuka si maadui. Vinaweza kukaa nyumba moja, mradi tuishike kanuni hii: bahati nasibu ichague, nayo kumbukumbu ihifadhi.

Tuanze na tarakimu nne za pini, maana hizo ndizo zinazolinda shilingi ya mnyonge. Mtambo wa kutolea pesa wa benki ya Barclays ulifunguliwa Enfield, London, tarehe 27 Juni, 1967. John Shepherd-Barron, aliyesimamia uundaji wake, alisimulia baadaye kwamba alinuia nambari ya siri iwe na tarakimu sita. Alipomuuliza mkewe, mama huyo alimwambia kwamba yeye huweza kukumbuka nne tu. Basi zikawa nne. Utaona kwamba tangu mwanzo, jambo lililoamua ukubwa wa siri hii halikuwa nguvu za mwizi bali uwezo wa kichwa cha mwenye pesa. M-Pesa ilipozinduliwa nchini mwezi wa Machi, 2007, nayo ikaja na tarakimu nne.

Kutoka 0000 hadi 9999 kuna nambari 10,000. Kwa kuwa simu na mitambo ya benki humfungia nje anayekosea mara chache, hesabu hiyo ingetosha iwapo kila mtu angechagua bila mpango. Lakini watu hawachagui hivyo. Mnamo mwaka 2012 mtaalamu wa takwimu aliyeitwa Nick Berry alizichambua nambari za tarakimu nne zilizopatikana katika orodha za siri zilizovuja mitandaoni. Aligundua kwamba 1234 pekee ilichukua karibu asilimia 11 ya zote. Iliyofuata ilikuwa 1111 kwa asilimia 6, kisha 0000 kwa takriban asilimia 2. Fanya hesabu, msomaji. Katika orodha kama hiyo, mwizi aliyeruhusiwa kujaribu mara tatu tu angefungua karibu mlango mmoja katika kila mitano. Hakuhitaji elimu ya kompyuta. Alihitaji kuwajua binadamu.

Wapo wanaojiona werevu kwa sababu hawatumii 1234. Hao hutumia mwaka wa kuzaliwa, au tarakimu nne za mwisho za kitambulisho cha kitaifa, au za nambari ya simu. Wengine huushuka mstari wa katikati wa vibonyezo vya simu, 2580, wakidhani hakuna mwingine aliyewahi kuuona mstari huo. Hebu tutazame jinsi tunavyoishi. Ukiingia katika jengo lolote kubwa jijini Nairobi, bawabu hukuwekea daftari mbele yako, nawe unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa uliyofika. Anayekuja baada yako anaandika chini ya jina lako, akiyasoma yako yote. Kwa miaka mingi mawakala wa M-Pesa nao waliandikisha wateja katika madaftari ya aina hiyo hiyo. Mtu ambaye pini yake imetokana na kitambulisho chake ameiandika kwa mkono wake mwenyewe katika kila lango alilopita tangu mwaka uanze. Hiyo si siri tena. Ni tangazo.

Njia iliyo bora ni rahisi, wala haigharimu senti. Andika tarakimu 0 hadi 9 katika vipande kumi vya karatasi, vitie kikombeni, uchomoe kimoja, uandike, ukirudishe, utikise, uchomoe tena, hadi upate nne. Hapo bahati imekwisha kuchagua. Sasa iite kumbukumbu. Tuseme zimetoka 8, 3, 5 na 4. Tunga sentensi ambayo hesabu ya herufi za maneno yake inafuata tarakimu hizo: Mwanangu ana mbuzi wake. Mwanangu lina herufi nane, ana lina tatu, mbuzi lina tano, wake lina nne. Ikitokea sufuri, acha kimya mahali pake. Anayekuona ukiitamka sentensi hiyo moyoni hawezi kujua unahesabu nini, nawe hutaisahau hata ukiamshwa usiku wa manane. Bila shaka mfano wenyewe usiutumie, kwa kuwa umekwisha kuchapishwa gazetini.

Maneno ya siri ya kompyuta yana historia yake. Yalianza kutumiwa katika chuo cha MIT, Marekani, katika mtambo wa pamoja ulioongozwa na Fernando Corbató na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961. Watafiti wengi walitumia kompyuta moja, kwa hiyo kila mmoja alipewa neno lake na muda wake. Mwaka uliofuata, mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, akitaka muda zaidi wa kufanyia utafiti wake, aliiagiza kompyuta imchapishie orodha nzima ya maneno ya siri, nayo ikatii. Yaani siri za kompyuta ziliibwa hata kabla Kenya haijapata uhuru wake. Kisha mnamo 1966 hitilafu ilitokea katika mtambo uo huo, na orodha ya siri za watu wote ikaonyeshwa kwa kila aliyeingia.

Wataalamu walipata mbinu ya kutohifadhi neno lenyewe. Mbinu hiyo naweza kuieleza kwa mfano wa kinu. Ukileta mahindi yako yasagwe, kinachohifadhiwa ghalani ni unga, si mahindi. Kila unaporudi, unasaga mengine ya aina ile ile, na mlinzi analinganisha unga kwa unga. Mwizi akiiba ghala, ameiba unga, na unga haurudi kuwa mahindi. Hata hivyo, mwizi mwerevu atajifungia nyumbani na kinu chake mwenyewe, asage kila aina ya mahindi aijuayo, huku akilinganisha na unga alioiba hadi zifanane. Basi usalama wako unategemea jambo moja: je, mahindi yako yamo katika gunia lake la majaribio?

Mwaka 1979, Robert Morris na Ken Thompson wa maabara za Bell huko Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa maneno 3,289 ya siri yaliyokusanywa kutoka kwa watumiaji. Asilimia 86 yalikuwa mafupi mno, au yalipatikana katika kamusi na orodha za majina. Miaka 30 ikapita. Mwezi wa Desemba, 2009, kampuni ya RockYou, ambayo haikuwa imesaga unga wowote bali ilihifadhi mahindi wazi, iliibiwa maneno ya siri yapatayo milioni 32. Lililoongoza lilikuwa 123456, lililotumiwa na watu wapatao 290,000. Teknolojia ilikuwa imebadilika kutoka mashine za ukubwa wa chumba hadi vifaa vya mfukoni, lakini binadamu alikuwa yule yule. Aidha, orodha hiyo iliyoibwa ndiyo leo imo katika gunia la karibu kila mwizi.

Hapo ndipo walipoingia watunga kanuni. Mnamo mwaka 2003, Bill Burr, afisa wa taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo ambao ulienea ulimwenguni kote. Weka herufi kubwa na ndogo, ukasema, weka tarakimu, weka alama, na ubadilishe kila baada ya muda. Benki zikaufuata, vyuo vikaufuata, serikali zikaufuata. Mwananchi naye akafanya nini? Alichukua jina la mji wake, akaanza na herufi kubwa, akaongeza 1 na alama ya mshangao mwishoni. Alipolazimishwa kubadilisha, 1 ikawa 2, na baada ya miezi mitatu 2 ikawa 3. Mwizi alizijua hila hizi zote, akazifundisha programu yake.

Niliwahi kuhudumiwa katika ofisi moja, sitaitaja, ambapo karani alikuwa amebandika karatasi ya manjano pembeni mwa kiwambo cha kompyuta yake. Juu ya karatasi hiyo kulikuwa na neno la siri lenye kila alama iliyotakiwa na kanuni. Lilikuwa neno gumu kweli kweli. Sisi sote tuliokuwa kwenye foleni tulilisoma. Sikumlaumu karani huyo, kwa maana aliyemlazimisha kubuni fumbo jipya kila mara bila kumfundisha namna ya kulikumbuka ndiye aliyelibandika pale.

Burr mwenyewe, akiwa amekwisha kustaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal mwaka 2017 kwamba aliyajutia mengi aliyoyaandika. Mwaka huo huo NIST ilitoa mwongozo mpya. Urefu ndio jambo la kwanza, ulisema. Watu wasilazimishwe kuchanganya alama. Wasilazimishwe kubadilisha neno ila kukiwa na dalili kwamba limevuja. Na neno linalochaguliwa lilinganishwe kwanza na orodha za yale yaliyokwisha kuibwa. Katika toleo la mwaka 2025, taasisi hiyo iliongeza kwamba pale neno la siri linaposimama peke yake bila ulinzi mwingine, lisipungue herufi 15. Nauliza, ni taasisi ngapi za hapa nyumbani zilizousoma mwongozo huo? Zipo ambazo hadi leo humwadhibu mteja kwa kanuni zilizokwisha kukanwa na aliyeziandika.

Kwa nini urefu unashinda alama? Jibu limo katika hesabu. Tuchukulie kwamba mwizi ana mashine inayosaga na kulinganisha maneno bilioni moja kwa sekunde. Neno la herufi nane ndogo zilizochaguliwa bila mpango lina njia kama bilioni 209, na mashine hiyo itazimaliza zote kwa muda usiofika dakika nne. Sasa chukua njia aliyoieneza Mmarekani Arnold Reinhold mwaka 1995. Yeye aliandaa orodha ya maneno 7,776. Unarusha dadu mara tano, na tarakimu tano zinazotokea zinakuonyesha neno moja katika orodha. Unarudia hadi upate maneno kadhaa, kisha unayaunga. Maneno manne yana njia zaidi ya trilioni 3,600, na mashine ile ile itahitaji siku 42 kuzimaliza. Ongeza neno moja tu, yawe matano, na muda unakuwa miaka 900 hivi. Neno moja la ziada, ambalo hata mtoto wa darasa la pili anaweza kulikumbuka, limegeuza wiki sita kuwa karne tisa.

Nasi Waswahili hatuna sababu ya kwenda kuomba maneno kwa jirani. Kamusi ya Kiswahili ina maelfu ya maneno. Ifungue pasipo kutazama, uweke kidole, uchukue neno la kawaida lililo karibu nacho. Ifunge, uifungue tena. Tuseme umepata kinu, treni, mwalimu, ndimu na ghorofa. Maneno hayo hayana uhusiano wowote, na hilo ndilo tunalolitaka. Sasa yape kisa: kinu kilipanda treni, mwalimu akakirushia ndimu kutoka ghorofani. Ni kichekesho, tena ni upuuzi, na upuuzi haukai katika orodha ya mwizi bali hukaa vizuri sana kichwani. Unachoandika kwenye kompyuta ni yale maneno matano tu kwa mpangilio wake. Yana herufi 28, hayana alama hata moja ya kukutesa, na yanazidi kwa mbali kipimo cha herufi 15. Na pale utakapokutana na mtambo wa kikale unaodai herufi kubwa na tarakimu, ziongeze mwishoni, ukijua kwamba nguvu yako haikutoka hapo.

Lakini naomba tuelewane. Methali si neno la siri, hata iwe ndefu namna gani. Haraka haraka haina baraka ina herufi nyingi, ila anayeijua ni kila aliyepitia shule ya msingi. Kadhalika aya ya Biblia au ya Kurani, mstari wa wimbo wa taifa, jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa ambao uliutangaza kwenye Facebook pamoja na picha ya keki. Shabiki wa Gor Mahia anayeweka jina la klabu yake na 1968, mwaka ilipoundwa, na yule wa AFC Leopards anayeweka 1964, wote wamemwachia mwizi mlango uliorudishwa tu bila kufungwa. Wapo pia wanaodhani kwamba Kiswahili au lugha ya mama ni ngao kwa kuwa mwizi yuko ng'ambo. Programu ya kubahatisha haihitaji kukielewa Kiswahili. Inahitaji orodha ya maneno tu, na orodha haina mpaka wala pasipoti. Kinachokulinda si lugha, ni bahati nasibu iliyochagua.

Fauka ya hayo, neno moja lisifungue kila mlango. Mwaka 2012, kampuni ya Dropbox iliingiliwa kwa sababu mfanyakazi wake alitumia neno lile lile la siri mahali pengine palipoibiwa. Habari za akaunti zaidi ya milioni 68 zilikuja kujitokeza hadharani mwaka 2016. Mwezi wa Mei, 2021, bomba la mafuta la Colonial Pipeline huko Marekani lilisimama baada ya wahalifu kuingia kwa neno moja la siri kupitia mlango wa zamani usiokuwa na hatua ya pili ya uthibitisho. Mkuu wa kampuni hiyo aliliambia bunge la Seneti kwamba neno lenyewe lilikuwa gumu. Wachunguzi walilikuta katika orodha ya maneno yaliyovuja, na yamkini lilikuwa limetumiwa kwingineko. Kampuni ililipa dola milioni 4.4. Ugumu wa neno haukufaa kitu, kwa kuwa lilikuwa limekwisha kujulikana.

Najua msomaji ataniuliza: nitakumbukaje maneno matano kwa kila mahali? Huna haja. Chagua sehemu tatu au nne ambazo ndizo nguzo za nyumba yako, barua pepe ikiwa ya kwanza, kwa sababu anayeimiliki barua pepe yako anaweza kuomba maneno mapya ya kwingineko kote. Hizo zipe maneno marefu ya kukaa kichwani. Mengine yaachie programu ya kutunzia maneno ya siri, ambayo huyabuni na kuyahifadhi ikifungwa kwa neno moja kuu. Asiyekuwa na programu hiyo na ayaandike katika daftari analolifungia sandukuni nyumbani. Mwizi wa mtandaoni aliye maelfu ya maili kutoka hapa hawezi kulifikia sanduku lako. Karatasi iliyo hatari ni ile iliyobandikwa kwenye kiwambo au kukunjwa pamoja na kadi ya benki. Isitoshe, kila mahali panaporuhusu hatua ya pili ya uthibitisho, iwashe, na msimbo unaotumiwa kwa simu usimsomee mtu yeyote.

Nageukia sasa kata zenyewe, maana neno zuri kuliko yote halina faida likiwa midomoni mwa watu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nenda katika saiba yoyote ya mjini au sokoni uone jinsi huduma inavyotolewa. Mama anataka cheti cha maadili mema kwa ajili ya mwanawe anayetafuta kazi. Kijana wa saiba anamfungulia barua pepe, anamfungulia eCitizen, anambunia neno la siri, na mara nyingi neno hilo ni moja kwa wateja wote ili kijana asisumbuke wakirudi. Mama anaondoka na cheti chake. Ufunguo unabaki saiba. Vijana hao wengi ni waaminifu, na bila wao huduma za serikali zisingewafikia mamilioni. Lakini uaminifu wa mtu si kufuli. Akitoka kazini, anayemrithi naye anajua.

Pia wapo wazee wetu. Mzee au nyanya aliyefika miaka 70 ambaye yumo katika mpango wa Inua Jamii hutengewa Sh2,000 kwa mwezi. Macho yamefifia, vidole vinatetemeka, na herufi za simu ni ndogo. Atafanyaje? Humpa mjukuu simu na pini, au humpa wakala pini kwa sauti, dukani, mbele ya watu. Siku pesa zikipungua hana wa kumshtaki, kwa kuwa aliitoa siri mwenyewe. Katika vyama vya akina mama nako, mweka hazina hushika laini ya kikundi na pini yake, na mara nyingine pini hiyo huijua kila aliyewahi kushika wadhifa huo tangu kikundi kianze. Badilisheni pini kila mnapobadilisha mweka hazina. Hiyo ndiyo sababu halali ya kubadilisha.

Na kuna wale wapigao simu. Umetumiwa pesa kimakosa, watasema. Laini yako inafungwa leo. Umeshinda zawadi. Watakutaja kwa jina na nambari ya kitambulisho, nawe utashangaa wamezipata wapi, ukisahau madaftari ya malangoni. Mhudumu wa kweli wa benki au wa kampuni ya simu hana kazi yoyote ya kufanya na pini yako. Anayeiuliza, hata akiwa na sauti tamu namna gani, amekwisha kujitambulisha kuwa tapeli. Kata simu.

Bunge lilipitisha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni mwaka 2018, na Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, ambayo inazitaka taasisi zizilinde habari za watu zilizomo mikononi mwao. Sheria ni jambo jema, lakini humfikia mwizi baada ya wizi. Ninayoyapendekeza huja kabla. Kwanza, benki, wizara na mashirika ya umma yaache kuwadai wananchi mafumbo ya alama na mabadiliko ya kila mara, badala yake yaruhusu maneno marefu na kuyakataa yale yaliyokwisha kuvuja. Pili, madaftari ya malangoni yasiachwe wazi kwa kila mpita njia. Tatu, mafunzo haya yatolewe kwa Kiswahili na kwa lugha za wananchi, katika vituo vya Huduma, mabaraza ya machifu na redio. Nne, Mtaala wa Umilisi umeuhesabu ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Basi mtoto afundishwe kutunga neno la siri kama anavyofundishwa kunawa mikono, naye aende nyumbani akamfundishe nyanya yake bila kumwomba amtajie pini.

Hayo ni ya wakubwa, na wakubwa huchelewa. Mimi na wewe hatuna sababu ya kuwangoja. Vipande kumi vya karatasi vinapatikana katika kila nyumba, na kamusi, ikiwa haipo kwako, ipo kwa mwanafunzi wa jirani. Jioni ya leo kabla hujalala, itoe 1234 katika simu yako, na uupatie mtungi wako kifuniko ambacho kata moja tu, yako mwenyewe, inajua namna ya kukifungua.